Kofia nyeupe ya mawakili na barua ya dola 95

Swali limetoka kwa binti wa Tanga anayesoma mwaka wa pili wa shahada ya sheria, ile ya miaka mitatu wanayoiita JD, katika chuo kimoja cha Marekani. Aliandika kwa kirefu, nalifupisha: "Shikamoo Mwalimu. Nimepata barua pepe inayosema nimechaguliwa kujiunga na chama cha heshima cha wanafunzi wa sheria kwa sababu ya alama zangu. Ada ni dola 95, mwisho Ijumaa ijayo. Wenzangu wanazungumzia kitu kinaitwa Order of the Coif, na wengine wamejiunga na vyama vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Mama yuko tayari kunitumia pesa kutoka kwenye kikoba chake. Vyama hivi ni vya nini, vilianzaje, na je, nilipe?"

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa alama. Mwaka wa kwanza wa sheria kule ni tanuri, na aliyetoka salama ana haki ya kuvuta pumzi.

Nitakujibu kwa kuzunguka kidogo, kwa sababu waliokuandikia wanajipamba kwa mavazi ya kuazima. Ukishajua yameazimwa kwa nani, suala la dola 95 utaliamua mwenyewe.

Tuanze na hilo jina, Coif. Wenzako wanalitamka "koifu", na maana yake ni kofia. Ni kikofia cha kitambaa cheupe laini kinachobana kichwa, chenye kamba za kufungia kidevuni, kama kile wanachovikwa watoto wachanga msimu wa baridi. Kilatini cha zamani kilikuwa na neno cofia, Wafaransa wakapata coiffe, Waingereza wakachukua kwa Wafaransa. Kofia yetu sisi imepitia Uarabuni, kwenye kufiya. Wapo wataalamu wa lugha wanaosema Waarabu nao walilitoa kwenye Kilatini hicho hicho, na wapo wanaolirudisha kwenye mji wa Kufa kule Iraki. Mimi si mtu wa isimu, siamui ugomvi huo. Ila kila nikiona jina la chama hicho nakumbuka kofia ya viua ya babu yangu, na inanisaidia kutolitetemekea.

Waliovaa coif Uingereza walikuwa mawakili wa daraja la juu kuliko wote, serjeants-at-law. Tuwaite masajini wa sheria, kwa kuwa neno ni lile lile la sajini wetu wa polisi, na asili yake ni mtumishi. Kwa karne nyingi wao peke yao ndio walioruhusiwa kusimama kuzungumza katika Court of Common Pleas, mahakama ya Westminster iliyosikiliza madai ya raia dhidi ya raia: ardhi, madeni, mapatano yaliyovunjwa. Pesa za uwakili zilikuwa huko. Majaji wa mahakama kuu nao walitoka miongoni mwao, kiasi kwamba hata jaji aliyeteuliwa bila kuwa sajini ilibidi avikwe kofia kwanza, ndipo akalie kiti. Kwa hiyo jaji akiwa juu na sajini akiwa chini waliitana "ndugu". Mtu wa Dodoma au Dar aliyezoea kusikia mawakili wakiitana "msomi mwenzangu" ataielewa hali hiyo bila kufafanuliwa.

Hapa kuna jambo nataka ulishike. Usajini hukuuomba kwa kujaza fomu. Uliitwa, kwa hati ya mfalme, baada ya majaji waliokuona ukifanya kazi miaka mingi kulitaja jina lako. Gharama ilikuja baadaye, na ilikuwa kubwa: sajini mpya aligawa pete za dhahabu zilizochongwa maneno machache ya busara, kwa mfalme, kwa majaji, kwa maofisa wa mahakama, akaandaa na karamu. Wapo walioitwa wakajaribu kukwepa kwa kuogopa gharama hiyo. Kwa hiyo usidhani heshima ya zamani ilikuwa ya bure. Ilikuwa ghali, ila kilichotangulia ni wito.

Kofia yenyewe ilikuwa alama ya daraja, na mapokeo yanasema sajini hakuivua hata mbele ya mfalme. Wigi zilipoingia mahakamani karne ya 17 ikazuka shida: utavaaje wigi bila kuficha kofia? Wakapata hila. Juu ya utosi wa wigi wakabandika kiraka cheusi cha mviringo chenye ukingo mweupe. Ukiangalia picha za zamani unaweza kufikiri wigi lina upara. Ule weusi ni kikofia cheusi kilichovaliwa juu ya coif, na ule ukingo mweupe ndiyo coif yenyewe, imebaki upana wa uzi. Watu wengi hukichanganya kiraka hicho na kile kitambaa cheusi cha mraba ambacho jaji aliweka kichwani akitoa hukumu ya kifo. Ni vitu viwili.

Daraja hilo lilikufa polepole. Mwaka 1846 Common Pleas ilifunguliwa kwa mawakili wote, na masajini wakapoteza kiwanja chao. Sheria ya 1873, iliyoanza kutumika 1875, ikaondoa sharti la jaji kuwa sajini kwanza. Mwaka 1877 waliobaki waliuza jengo lao la Serjeants' Inn wakagawana pesa, jambo lililowafanya wasemwe sana mjini. Wa mwisho wa Uingereza, Lord Lindley, alifariki 1921.

Ireland ilikuwa na masajini wake, na wa mwisho wao anatuhusu kidogo sisi wa huku. Aliitwa A. M. Sullivan. Mwaka 1916 alikwenda London kumtetea Roger Casement katika kesi ya uhaini. Casement ndiye yule konsuli wa Uingereza ambaye ripoti yake ya 1904 iliuonyesha ulimwengu Leopold, mfalme wa Ubelgiji, alivyokuwa akiwatenda watu wa Kongo kwa ajili ya utomvu wa mpira. Sullivan alizidiwa katikati ya hotuba yake ya mwisho, akashindwa kuendelea. Casement akanyongwa Agosti 3. Sullivan aliishi hadi 1959, na cheo kile kikaenda naye kaburini.

Sasa tuvuke bahari. Marekani haikuwa na masajini. Ilikuwa na Phi Beta Kappa, iliyoanzishwa Desemba 5, 1776 katika chuo cha William & Mary, Virginia, miezi mitano tu baada ya tangazo la uhuru. Ilianza kama kundi la siri la vijana waliopenda mijadala, baadaye ikawa chama cha wanafunzi bora, na alama yake ni ufunguo mdogo wa dhahabu wenye nyota tatu na mkono unaonyoosha kidole. Herufi za Kigiriki unazoziona kila kona ya chuo chako zilianzia hapo. Lakini Phi Beta Kappa ni ya wanaosoma sanaa na sayansi katika shahada ya kwanza. Mwanafunzi wa sheria hakuwa na nafasi humo.

Kwa muda mrefu hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu wanafunzi wa sheria wenyewe walikuwa wachache. Sheria ulijifunza ofisini kwa wakili, ukinakili hati na kufagia, au ulijisomea kama Lincoln. Mambo yalibadilika mwaka 1870, Christopher Columbus Langdell alipokuwa mkuu wa kitivo cha sheria Harvard. Alileta ufundishaji wa kuchambua hukumu za mahakama darasani, na mitihani ya kuandika ambayo ilikuwa migumu kweli. Vyuo vingine vikafuata mmoja mmoja. Palipo na mitihani pana alama, na palipo na alama watu watataka kujua nani wa kwanza. Wakati huohuo shule za sheria ziliota kama uyoga, nyingine za jioni kwa ajili ya makarani na wahamiaji, na zile kubwa zikataka kujitenga nazo. Mwaka 1900 zikaunda umoja wao, AALS.

Miaka miwili baadaye, 1902, katika Chuo Kikuu cha Illinois, kikaanzishwa chama cha wanafunzi bora wa sheria kwa jina la Theta Kappa Nu. Mwaka 1907, katika jimbo hilohilo, Northwestern wakaanzisha chao wakakiita Order of the Coif. Viwili hivyo vikaungana, na kufikia 1912 lile jina la kofia ndilo lililobaki kwa nchi nzima. Naona walichagua vizuri. Herufi tatu za Kigiriki zingekifanya kionekane klabu nyingine ya wanafunzi. Kofia ya masajini iliwapa vijana wa Illinois, waliokuwa wakisoma katikati ya mashamba ya mahindi, babu wa miaka mia kadhaa. Kuazima babu si dhambi, sisi wa pwani tunajua.

Utaratibu wa Coif wa leo ni mkavu, na ukavu huo ndio unaoupa nguvu. Chuo lazima kiwe na tawi, na kati ya shule za sheria karibu 200 zilizoidhinishwa Marekani, zenye tawi hazifiki nusu. Wanaochaguliwa ni wahitimu wasiozidi asilimia 10 ya darasa. Darasa la watu 230 litatoa 23. Walimu wa tawi ndio wanaopiga kura. Tena angalau asilimia 75 ya masomo yako ya sheria yawe yamepewa alama, si yale ya kufaulu au kufeli tu. Sharti hilo la mwisho limewaponza wengi. Mtu anachukua muhula mmoja nje ya nchi, anaongeza kliniki ya msaada wa kisheria, anaongeza mafunzo kwa jaji, yote hayana alama, na siku ya kuhesabu anakuta ameanguka chini ya robo tatu. Wewe umebakiza mwaka na nusu. Kama unaitamani Coif, mwone msajili kabla hujachagua masomo ya mwaka wa tatu. Kama huitamani, chukua kliniki.

Umeona kwamba nimesema wahitimu. Coif haipatikani mwaka wa pili. Barua uliyoletewa, hata ingekuwa imepigwa mhuri wa nta, haiwezi kuwa ya Coif. Na ndugu zetu wanaokwenda kusoma LLM, shahada ya uzamili ya sheria ya mwaka mmoja, hawahesabiwi humo hata wakiongoza, kwa kuwa hesabu ni ya darasa la JD.

Kuhusu kazi, nitakwambia ambalo vipeperushi havisemi. Makampuni makubwa ya uwakili huwasaili wanafunzi mapema sana, wakishika alama za mwaka wa kwanza mkononi. Coif inapotangazwa, waajiri hao wameshajaza nafasi. Kinachoonekana mapema ni kuingia kwenye jarida la sheria la chuo, na ndiyo maana wenzako wanakesha kwa ajili yake. Coif huanza kufanya kazi baadaye, unapoomba ukarani kwa jaji wa shirikisho baada ya miaka michache, au unapotaka kufundisha. Kamati ya uajiri ya kitivo huiona kwenye wasifu na kuendelea kusoma. Hata hivyo, Harvard na Columbia hazina tawi. Barack Obama, ambaye jina la baba yake limemfanya awe wa kwetu kila uchaguzi, alikuwa mwaka 1990 mtu mweusi wa kwanza kuongoza jarida la sheria la Harvard, akahitimu 1991 kwenye chuo ambacho kofia hii haivaliwi.

Hivyo vyama vya herufi za Kigiriki walivyojiunga wenzako ni ukoo mwingine. Phi Delta Phi ilianzishwa 1869 katika Chuo Kikuu cha Michigan, Ann Arbor, na ni ya zamani kuliko Coif. Phi Alpha Delta ilianza Chicago 1902. Hivi ni vyama vya udugu wa kitaaluma: mtu anajiunga, analipa ada, anahudhuria chakula na jaji mstaafu, anapata kaka na dada wa kumpigia simu akihamia jimbo jingine. Phi Delta Phi huita matawi yake "Inn", kuiga vile vyama vya mawakili vya London, na mwaka 2012 ikajitangaza kuwa chama cha heshima chenye masharti ya alama. Sina ugomvi navyo. Ukikuta tawi hai chuoni kwako, lenye mwalimu mlezi na mikutano ambayo watu wanaihudhuria kweli, ada yake inaweza kurudi kwa chakula tu. Udugu huo, lakini, kwa miaka mingi ulikuwa wa wanaume. Wanawake walijitengenezea vyao: Kappa Beta Pi huko Chicago mwaka 1908, na Phi Delta Delta huko Los Angeles mwaka 1911, ambayo iliungana na Phi Alpha Delta mwaka 1972 tu.

Na hata aliyevishwa kofia hakufunguliwa milango yote. Sandra Day O'Connor alihitimu Stanford 1952 akiwa na Order of the Coif na akiwa ametumikia jarida la sheria. Akaenda kutafuta kazi ya uwakili California. Makampuni hayakutaka mwanamke, na moja lilimwonyesha nafasi ya ukatibu muhtasi. Kazi yake ya kwanza, kwenye ofisi ya mwanasheria wa kaunti ya San Mateo, aliipata kwa kujitolea kuanza bila mshahara. Mwaka 1981 akawa mwanamke wa kwanza katika Mahakama ya Juu ya Marekani.

Thurgood Marshall, mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu hiyo, hakuwekwa hata kwenye foleni. Shule ya sheria ya jimbo lake la Maryland haikupokea weusi, basi akawa anapanda treni kila siku kwenda Chuo Kikuu cha Howard, Washington, akahitimu 1933 akiwa wa kwanza darasani. Huyu ndiye aliyekaa London mwaka 1960 na wajumbe wa Kiafrika wa Kenya kwenye mazungumzo ya Lancaster House, akisaidia kuandika rasimu ya haki za binadamu. Sijawahi kusikia Mkenya akiuliza alikuwa mwanachama wa chama gani.

Nirudi kwenye pesa. Nikiwa LLM miaka hiyo niliwahi kupata barua kama yako, kutoka kwa chama ambacho sitakitaja. Nililipa. Baada ya wiki sita kikaja cheti ndani ya bomba la karatasi, jina langu la ukoo limeandikwa kimakosa, na kikaratasi cha kuniuzia fremu. Mwezi uliofuata pete. Halafu fulana. Nilimwandikia mwenye ofisi kuhusu jina, nikajibiwa kwamba cheti cha pili ni dola 20. Hicho cheti cha kwanza bado ninacho, nakitumia kuwachekesha wanafunzi wangu.

Ada peke yake haithibitishi utapeli. Hata chama cha kweli kinaweza kukutoza kidogo mara moja, na masajini, kama nilivyosema, walitoa pesa nyingi kwa pete. Tazama ni nani aliyekutaja. Muulize msajili au mkuu wa wanafunzi wa kitivo chako maswali mawili: je, chuo ndicho kilichopeleka jina na alama zangu huko, na je, chama hiki kina tawi hapa na mwalimu anayelisimamia? Marekani alama zako ni siri kwa sheria, mtu wa nje hawezi kuzijua bila wewe au chuo kumpa. Anayesema "tumeona alama zako" huku chuo hakijatoa kitu, ameona anwani yako tu. Upo pia umoja wa vyama vya heshima vya vyuo, ulioundwa 1925, unaowapima wanachama wake. Jina likiwemo humo ni dalili njema, lisipokuwemo endelea kuuliza.

Na kama mpango wako ni kurudi, jua kwamba huku hakuna atakayeuliza. Shahada yako itapelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kutambuliwa, kisha utahangaika na Shule ya Sheria kama wenzako wote, na wote hao wanataka nakala ya matokeo yenye mhuri. Heshima kwetu imefungwa ndani ya shahada yenyewe: daraja la kwanza, la pili la juu, na zile zawadi za somo moja moja zinazosomwa siku ya mahafali. Ndivyo Dar es Salaam ilivyorithi kwa Waingereza ilipofungua kitivo cha sheria mwaka 1961, kitivo cha kwanza cha chuo kikuu chetu, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Uwezo wa kusimama na kuhoji shahidi unaonekana kwenye mashindano ya kesi za kuigiza, kama yale ya haki za binadamu ya Afrika yanayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Pretoria tangu 1992. Chuo chako kikiwa na timu ya Jessup, mashindano ya namna hiyo ya sheria ya kimataifa, jaribu kuingia. Wakili wa Tanga au Nairobi akiona Jessup kwenye wasifu anajua umesimama mbele ya majaji ukaulizwa maswali usiyoyatarajia. Akiona jina la chama kilichokuandikia ataruka mstari.

Ijumaa bado. Mwandikie msajili leo, umwambatanishie barua nzima pamoja na anwani iliyotoka, si maelezo yako juu yake. Kwa kawaida wanajibu ndani ya siku mbili. Mama mwambie pesa ya kikoba isitoke kwanza, na umpe salamu zangu.